Sugu, Rayvanny au mwalimu wa kwaya? Ubishi wa Mbeya una maswali matatu ndani yake

Ubishi huu hauhitaji kuchochewa. Ingia saluni yoyote ya kunyolea pale Mwanjelwa au Kabwe siku ya Jumamosi, sema tu kwamba Rayvanny ndiye mwanamuziki mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka Mbeya, kisha nyamaza. Mashine itazimwa. Mmoja atauliza, "Mkubwa kwa lipi, kaka?" Mwingine, kichwa kimenyolewa upande mmoja, atamtaja mchanaji Sugu, na atamtaja kwa sauti ya mtu anayetetea ndugu yake. Mzee aliyekaa kwenye benchi akisubiri zamu atawaacha wachoke, halafu atasema: "Wanangu, hao wote mmewasikia redioni. Mimi nawauliza, msiba ulipowafika kwenu, nani alikuja kuimba?"

Wanacheka, mashine inawashwa, na ubishi unabaki palepale ulipokuwa. Haumaliziki kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake. Wa kwanza anauliza nani amelitangaza jina la Mbeya huko nje. Wa pili anauliza nani ameubadilisha mji wenyewe na watu wake. Mzee anauliza ni muziki wa nani ambao watu wa huku hawawezi kuishi bila huo. Ni mambo matatu tofauti, na mtu anaweza kushinda moja akashindwa vibaya jingine.

Ila kabla ya hapo kuna kizingiti cha "kwao". Nyanda za Juu Kusini zimekatwakatwa mno kiutawala. Njombe ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa hadi 2012. Songwe, pamoja na Tunduma na Mbozi, ilikuwa Mbeya hadi 2016. Kwa hiyo msanii aliyekulia Vwawa alikuwa "mtoto wa Mbeya" na leo anatakiwa awe mtoto wa Songwe, bila kuhama hata nyumba. Halafu kuna majina. Ambwene Yesaya, yule AY wa bongo fleva, ana jina ambalo Mnyakyusa yeyote akilisikia anageuka, lakini alizaliwa Mtwara na muziki wake ulikulia Dar es Salaam. Je, ni wetu? Kwenye harusi tunamdai, kwenye hesabu tunamwacha. Mimi nachukua kipimo chepesi: "kwao" ni pale ambapo watu wakimwona wanajua habari za nyumbani kwao, siyo za redioni tu. Kwa kipimo hicho AY anatoka kwenye orodha, Rayvanny na Sugu wanabaki.

Tuanze na Rayvanny, kwa kuwa yake ni rahisi. Raymond Shaban Mwakyusa alizaliwa Mbeya mwaka 1993. Alipita kundi la Tip Top Connection, akaingia WCB, lebo ya Diamond Platnumz, na mwaka 2016 akatoka na "Kwetu". Mwaka uliofuata akachukua tuzo ya BET kule Marekani, ile ya msanii wa kimataifa inayopigiwa kura na watazamaji. Mwaka 2019 "Tetema" ikapasua mipaka. Mwaka 2021 akasimama Budapest kwenye jukwaa la tuzo za MTV Ulaya pamoja na Maluma wa Kolombia, mwaka huohuo alioanzisha lebo yake ya Next Level Music. Mwaka 2022 akaondoka WCB. Hakuna mwanamuziki mwingine kutoka mitaa ya Mbeya aliyefika jukwaa la namna hiyo, na hapa sioni cha kubishania. Swali la kwanza ni lake, tena kwa mbali.

Sasa geuza swali. Katika "Tetema" kuna nini cha Mbeya? Sikiliza mdundo, sikiliza maneno, tazama video. Ni Dar es Salaam mwanzo hadi mwisho, na ni Dar nzuri. Simlaumu. Biashara ya muziki ya nchi hii iko Dar: lebo ziko kule, redio na televisheni kubwa ziko kule, waongozaji wa video wako kule. Harmonize ametoka Mtwara na kujiita Konde Boy, amelibeba kabila lake kwenye jina la kisanii na la lebo, lakini naye ilibidi apande basi kwanza. Saida Karoli alifanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuimba Kihaya nchi nzima ikaitikia bila kuelewa, na mpaka leo tunamtaja kwa sababu waliofuata njia hiyo ni wachache.

Kwa hiyo alichokifanya Rayvanny kwa kijana wa Mbeya ni kumwonyesha kwamba inawezekana, na papo hapo kumwonyesha kwamba inawezekana ukiondoka. Kijana anayerekodi studio ya chumba kimoja pale Ilomba, magodoro yamebandikwa ukutani kuzuia mwangwi, hesabu yake ya mwisho siyo kujaza ukumbi wa Mbeya. Ni nauli ya Dar na mtu wa kumpokea akifika. Ushawishi upo, tena mkubwa, ila unawatoa watu mjini. Izzo Bizness alipita njia hiyohiyo kabla yake, akiwa mchanaji, na kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa akiutaja mji wake kwenye mistari kuliko wengi. Naye tulimsikia kupitia Dar.

Upande wa Sugu ndiko ubishi unakokuwa mtamu, na ndiko watu wanakochanganya mambo zaidi.

Joseph Mbilinyi alianza kama 2-Proud, akawa Mr. II, akaishia kuwa Sugu. Ili kuelewa uzito wake inabidi ukumbuke rap ya Tanzania ilikuwaje mwanzoni mwa miaka ya 90. Saleh Jabir alikuwa ameshathibitisha mwaka 1991, kwa kuchana Kiswahili juu ya mdundo wa Vanilla Ice, kwamba lugha yetu inakubali. Hata hivyo muziki huo bado ulikuwa wa watoto wa Dar waliokuwa na ndugu wa kuwaletea kaseti kutoka ng'ambo, na Kiingereza kilikuwa ndiyo alama ya ujanja. Mr. II akaja na Kiswahili cha mtu asiye na kazi. Ni Kiswahili cha kijana anayesukumwa na polisi, anayemwona mwanasiasa wakati wa kampeni tu. "Hali Halisi" ya mwaka 1998 haikuhitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa kijiweni.

Kaseti hizo zilipanda mabasi ya Kariakoo na kusafiri kilomita zaidi ya 800 hadi Mbeya, zikauzwa kwenye meza za Mwanjelwa na Sokomatola pamoja na betri na vioo vya mkononi. Na Mbeya ilikuwa mji wa kuzipokea vizuri. Ni mji wa njia: reli ya TAZARA imepita hapa tangu miaka ya 70, barabara ya Zambia imepita hapa, vijana wengi wanaishi kwa kubeba, kuuza na kupakia mizigo ya watu wengine. Mji wa namna hiyo hausubiri kuelezwa kwamba maisha ni magumu. Ila kuna tofauti kati ya kujua na kusikia mtu wa kwenu akiyasema kwenye redio ya taifa zima. Nadhani hapo ndipo jambo la kweli lilipotokea, na halionekani kwenye tuzo.

Halafu mwaka 2010 akagombea ubunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda. Akashinda tena 2015. Watetezi wake hupiga meza hapa: unataka ushahidi gani mwingine? Msanii ameingia bungeni kwa kura za mji wake!

Ushahidi huu ni mzuri, ila hautoshi, na ndio unaopotosha ubishi mzima. Mwaka huohuo wa 2010, Iringa Mjini ilimchagua Peter Msigwa wa chama hichohicho. Msigwa ni mchungaji, hakuwa na kaseti hata moja sokoni. Mbozi Magharibi, kwenye mpaka wa Zambia, ilimchagua David Silinde, kijana wa chama hichohicho, naye siyo mwanamuziki. Maana yake upepo wa upinzani ulikuwa umeshavuma Nyanda za Juu Kusini, na aliyesimama vizuri mbele yake alisukumwa. Mwaka 2020 upepo ukageuka nchi nzima, Sugu akaangushwa na Dk. Tulia Ackson, kama wapinzani karibu wote walivyoangushwa mwaka ule. Ukisema kura za 2010 zinathibitisha nguvu ya muziki wake, itabidi useme kura za 2020 zinathibitisha kwamba muziki huo ulikufa ndani ya miaka mitano. Yote mawili si kweli. Sanduku la kura linapima mambo mengi kwa pamoja na halitoi risiti ya kila moja.

Muziki ulifanya kitu kingine. Msigwa ilibidi ajulishwe kwa watu. Sugu alikuwa anajulikana kabla hajachukua fomu. Na muhimu zaidi, aliubadilisha umri wa mtu anayeweza kusimama jukwaani Mbeya na kusikilizwa. Kabla yake, kwenye mkutano wa hadhara kijana alikuwa mtu wa kubeba spika. Hilo ninalisema kwa macho yangu kama mtu wa huku, siyo kwa takwimu. Baada yake nchi imezoea: Profesa Jay akawa mbunge wa Mikumi 2015, Mwana FA akapata Muheza 2020. Mbeya ilikuwa imeshafanya hivyo miaka mitano na kumi mapema.

Februari 2018 alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa kumkashifu Rais katika mkutano wa hadhara, akakaa gereza la Ruanda hapohapo Mbeya, akatoka Mei. Unaweza kuipenda au kuichukia siasa yake, lakini ona mahali: mashtaka, hukumu, kifungo na mapokezi, vyote vilifanyika mjini kwake. Hoteli yake ya Desderia ameijenga Mbeya. Msanii aliyeondoka kwenda kutafuta jina akarudi na jina hilo kulitumia nyumbani, akapata faida na hasara zake nyumbani. Kwa swali la pili, nani ameubadilisha mji, mimi sina mgombea mwingine anayemkaribia.

Kuna kitu cha kuchekesha kwenye uchaguzi ule wa 2020 ambacho wachambuzi walikipita. Waliokuwa wanapambana kila mmoja alikuwa na muziki wake. Upande mmoja mchanaji. Upande wa pili mwanamke wa Rungwe ambaye taasisi yake, Tulia Trust, ilikuwa ikiandaa tamasha la ngoma za asili pale Tukuyu, vikundi vinatoka mikoa mbalimbali, ngoma zinarindima. Mtu wa siasa hawekezi kwenye kitu kisichogusa watu. Dk. Tulia aliona kile mzee wa saluni anachokiona.

Basi tumsikilize mzee.

Wanyakyusa ni watu ambao wataalamu wa mila waliwaandika tangu miaka ya 30, na kitu kimojawapo kilichowashangaza ni mazishi. Wageni walitegemea vilio, wakakuta na ngoma. Wanaume walicheza ngoma ya mazishi kwa nguvu, mikuki mkononi, wanawake wakiwa katikati yao, kwa sababu kifo kilihesabiwa kuwa vita na vita haijibiwi kwa kukaa chini. Wamisionari wa Kimoravian na wa Kilutheri kutoka Ujerumani, waliofika Rungwe na maeneo ya jirani mwaka 1891, hawakuipenda ngoma hiyo. Wakaleta nyimbo za vitabu na matarumbeta.

Nenda leo kwenye msiba wa kijijini, tuseme njia ya Kiwira au ndani kidogo ya Busokelo. Chini ya turubai wamekaa kina baba, migomba nyuma yao, mvua inakuja na kuondoka kama kawaida ya Rungwe. Kwaya ya kwanza inafika, ya usharika wa marehemu, wamevaa vitenge vya sare. Baadaye inafika ya jirani, kwa sababu marehemu aliwahi kuwazika wao. Mwalimu wa kwaya ana daftari la kawaida la shule, limekunjwa pembe, na ndani yake wimbo umeandikwa kwa do-re-mi, mistari minne: soprano, alto, tena, besi. Anawapa sauti kwa mdomo, mmoja mmoja, wanashika, halafu wanaunganisha. Kuna wakati besi wa kijijini, watu wanaolima chai na viazi, wanashuka mpaka unahisi benchi linatetemeka. Tuni nyingine zilianzia Ujerumani, maneno ni ya Kinyakyusa au Kiswahili, na namna ya kuyumba mwili wakati wa kuimba haikutoka Ujerumani kabisa. Kijana aliyekuwa akisikiliza "Tetema" kwenye bodaboda asubuhi anaimba sauti ya tena pale, bila kuangalia daftari.

Muulize nani alitunga. Atakutajia mwalimu fulani, au mwalimu wa mwalimu huyo. Hakuna bango lenye sura yake.

Kwenye swali la tatu huyu ndiye mshindi, na shida ni kwamba hana jina moja. Ubishi wa saluni unataka mtu mmoja, mwenye picha, mwenye akaunti. Ndiyo maana pia wanawake wanapotea humo. Hakuna anayemtaja Bahati Bukuku, mwimbaji wa injili mwenye jina la ukoo la huku kwetu, ingawa "Dunia Haina Huruma" imelia kwenye jiko la kila mama ninayemfahamu na kwenye nusu ya mabasi ya Kyela. Wala, kwa upande wa wanaume, hawamtaji mwimbaji mwenzake wa injili Ambwene Mwasongwe na "Misuli ya Imani". Hao wawili wamesimama katikati: wana majina kama mastaa, lakini muziki wao unaingia mahali pale ambapo kwaya inaingia, kitandani kwa mgonjwa na asubuhi ya Jumapili. Kama tungewahesabu watu kwa muda ambao sauti zao zinakaa ndani ya nyumba, nadhani Sugu na Rayvanny wangeachwa mbali.

Iringa nitaigusa tu. Watu wa Iringa hawana ubishi huu kwa ukali ule, na si kwamba hawana wasanii. Mike Tee alijiita Mnyalu na kila Mhehe akajua anazungumza na nani. Ni kwamba Iringa ina Mkwawa. Mji wenye shujaa wa namna hiyo kwenye majina ya shule, chuo na mitaa hautafuti sana sura ya kuuwakilisha kwa wanamuziki. Mbeya mjini ni mji mpya, umeanza miaka ya 1920 na dhahabu ya Lupa, umejaa Wanyakyusa, Wasafwa, Wandali, Wakinga na wengine waliokuja kutafuta maisha. Mji kama huo unahitaji mtu wa kusema "huyu ni wetu sote", na mwanamuziki au timu ya mpira ndiyo inayofaa. Mbeya City walipomaliza wa tatu kwenye msimu wao wa kwanza wa ligi kuu, 2013/14, uliona kiu hiyohiyo.

Ruvuma, kwa upande wa ziwa, wana jibu jingine ambalo lingewasaidia watu wa Mbeya. Kapteni John Komba alitoka huko, akaongoza TOT, kikundi cha sanaa kilichochanganya kwaya, ngoma, taarabu na dansi kwa ajili ya CCM, akawa mbunge wa Mbinga Magharibi tangu 2005 hadi alipofariki Februari 2015. Naye aliingia bungeni akiwa mwimbaji, tena kabla ya Sugu na kwa chama tawala. Lakini waulize watu wa mwambao wa Nyasa kuhusu muziki wa kwao, watakuanzia na ngoma za mganda na kioda. Mganda ulizaliwa kutokana na ngoma ya beni na gwaride la askari wa kikoloni, vijana wakapuliza vibuyu badala ya matarumbeta wasiyokuwa nayo, na hadi leo wanapanga mistari na kuwa na makapteni. Komba anaheshimiwa kule kama mtu aliyetoka ndani ya utamaduni uliokuwepo tayari. Hakuna anayelazimika kuchagua kati yake na mganda, na sijui kwa nini sisi tunawalazimisha watu wachague kati ya Sugu na kwaya.

Hata hivyo najua saluni haitaniachia bila kura. Kwa Mbeya mjini, kuanzia Iyunga hadi Uyole, nampa Sugu, na sababu yangu ni ile hoteli na lile gereza zaidi kuliko ubunge. Pale Uyole barabara inapokata kwenda Tukuyu na Kyela, kura yangu inabadilika. Naandika "mwalimu wa kwaya", na mkinidai jina nitawapa la yule wa usharika wetu, ambaye hamumjui.